Leo ni Leo: Lugha ya Kuhimiza katika Biashara Yetu

Biashara ni sehemu ya utamaduni wa taifa kama zilivyo ngoma, mavazi na mashairi. Mahali watu wanapokutana kuuziana na kununua, hapo lugha nayo hukua, hupata misemo mipya, na mara nyingine huumizwa. Katika makala haya twakusudia kuitazama sehemu moja ya lugha ya soko, nayo ni ile itumiwayo kumhimiza mnunuzi asiyekataa wala asiyekubali, bali asemaye, "Nitarudi kesho." Kila muuzaji ajua kwamba mteja akataaye hamsumbui sana, kwa kuwa huyo amekwisha kutoa jibu lake. Amsumbuaye ni yule aipendaye bidhaa, akaigeuzageuza mkononi, akaisifu, kisha akaenda zake asionekane tena.

Wahenga wetu hawakuliacha jambo hili bila neno. Upande mmoja walitufundisha kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba mwenda pole hajikwai. Upande wa pili walituonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mgeni wa lugha yetu aweza kudhani kuwa wazee walikuwa wakipingana. Sivyo hata kidogo. Walijua kwamba ziko haraka za namna mbili: iko haraka iliyozaliwa na jambo lenyewe, kama vile mvua inapokaribia na mbegu zingali ghalani; na iko haraka iliyozaliwa na tamaa ya mtu mmoja juu ya mali ya mwenziwe. Historia ya lugha ya kuhimiza katika nchi yetu ni historia ya haraka hizo mbili na jinsi zilivyovalishwa vazi moja la maneno.

Tumeuchagua mji wa Tunduma uwe kioo chetu kwa sababu ni mji uliolelewa na safari na biashara. Tangu miaka ya 1880 njia iliyojulikana kwa jina la Stevenson ilikusudiwa kuliunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kupitia nchi hizi za Wanyiha, Wanyamwanga na jirani zao. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikata mpaka kati ya maziwa hayo bila kuwauliza wenyeji, na ndugu wakajikuta wako katika makoloni mawili. Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kwenda baharini; ndipo ikaja barabara kuu ya lami, na baadaye reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulizaliwa kutoka Mkoa wa Mbeya, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Na mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa kati ya Tunduma na Nakonde. Katika mji wa namna hii, haraka nyingi ni za kweli. Treni haimngojei mtu. Thamani ya kwacha na shilingi hupanda na kushuka. Mahindi hununuliwa kwa msimu, na kahawa ya Mbozi ina miezi yake. Si ajabu basi kwamba mitaa ya Tunduma imejaa sauti na maandishi ya kumwambia mtu awahi.

Asili ya lugha hiyo ni mdomo kabla ya kuwa kalamu. Dalali wa mnada, awe wa ng'ombe au wa vyombo vya nyumbani, hutangaza bei mara ya kwanza, mara ya pili, kisha huivuta pumzi kabla ya mara ya tatu. Katika pumzi hiyo ndimo uliomo ustadi wake wote, maana aliyekuwa akisitasita hujua kwamba akinyamaza sasa amekosa. Mpiga debe wa kituo cha mabasi naye hulia, "Bado mmoja tuondoke!" Desturi hii si yetu pekee. Huko Uingereza katika karne ya 17 walikuwa wakifanya mnada wa mshumaa: kipande kifupi kiliwashwa, na aliyetaja bei ya mwisho kabla ya mwali kuzimika ndiye aliyepata mali. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali katika idara ya manowari, aliandika katika shajara yake mwaka 1662 habari za mnunuzi mmoja mjanja aliyeshinda mara kwa mara. Alipomwuliza siri yake, yule mtu alieleza kwamba mshumaa unapokaribia kuzimika, moshi wake huelekea chini. Basi yeye huutazama moshi, hapo hutaja bei. Twaona katika kisa hiki jambo moja la msingi. Mshumaa ule ulikuwa mbele ya macho ya wote, wala mwenye mali hakuwa na uwezo wa kuurefusha kwa siri. Haraka yake ilikuwa ya haki.

Uandishi ulipoingia, sauti ya dalali ilihamia katika karatasi na kitambaa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu mjini Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa miongoni mwa magazeti yaliyowazoesha wasomaji wa Kiswahili kupokea habari na mawaidha kwa njia ya chapa. Katika pwani, khanga zilianza kubeba misemo mwanzoni mwa karne ya 20, na jina la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa hutajwa sana katika habari hiyo. Khanga ilimhimiza mnunuzi bila kumwamrisha, kwa kuwa toleo jipya lilipofika, la zamani lilipitwa, na aliyetaka kuonekana na msemo mpya hakuweza kungoja mwezi wa pili. Nchini Marekani nako, mwaka 1904, John E. Kennedy aliwafundisha wenye kampuni ya matangazo ya Lord & Thomas mjini Chicago kwamba tangazo ni muuzaji aliyewekwa katika chapa. Waliomfuata wakaelewa kwamba muuzaji huyo wa karatasi ana udhaifu mmoja: hawezi kumshika mteja mkono. Kwa hiyo yampasa ampe sababu ya kutenda leo, kabla gazeti halijafungiwa maandazi.

Dukani kwetu sababu hiyo iliandikwa kwa ufupi wa kupendeza: "Leo taslimu, kesho mkopo." Maneno manne tu, lakini yana hekima ya kishairi. Kesho ya kibao hicho haifiki kamwe. Kila asubuhi mteja akirudi hukuta ni leo tena. Mwenye duka ameichukua silaha ya mwahirishaji, yaani neno kesho, akamgeuzia yeye mwenyewe, tena kwa mzaha usiovunja ujirani. Hakuna aliyedanganywa na kibao hicho, maana msomaji na mwandishi wake wote wawili wanacheka.

Hata hivyo, ulikuwapo wakati ambapo muuzaji hakuhitaji maneno. Sisi tulio na umri wa miaka hamsini na kitu tunakumbuka, tungali watoto mapema katika miaka ya 1980, jinsi sukari, sabuni na nguo zilivyoadimika. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ya petroli, ukame na matatizo ya uchumi vilikuwa vimeliacha taifa na upungufu mkubwa. Habari ilipovuma kwamba duka limepata sabuni, foleni ilijipanga yenyewe alfajiri, na watu waliweka mawe kushika nafasi zao. Uhaba ulikuwa tangazo tosha. Mikoani mpakani bidhaa nyingine zilivuka kwa magendo, na bei yake ilikuwa ile aliyoitaja mwenye nazo. Kuanzia mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya uagizaji, bidhaa zikajaa tena, na ndipo muuzaji akalazimika kujifunza upya sanaa ya kumwita mteja. Lakini mazoea ya foleni yalibaki katika mioyo ya watu. Mtu aliyewahi kukosa sabuni akisikia neno "zimebaki chache" hushtuka kabla hajafikiri. Mwandishi wa matangazo ajuaye hilo ameshika kamba nyembamba ya moyo wa mwenziwe, na yampasa aishike kwa adabu.

Serikali nayo imekuwa mwandishi wa maneno ya kuhimiza, ingawa haikuwa ikiuza sabuni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu kwa muda wa wiki 12. Kila mwanakijiji alikuwa akijua kwamba choo ni kitu chema. Alichokuwa akikosa ni siku ya kuanza kuchimba. Kampeni ikampa siku, ikampa wenzake wa kuchimba nao, na vyoo vikachimbwa kwa maelfu mengi. Baada ya ukame wa mwaka 1973 na 1974 likaja neno zito zaidi, Kilimo cha Kufa na Kupona, na neno hilo halikuzidisha chumvi, kwa kuwa njaa ilikuwa mlangoni.

Katika miaka hiyo hiyo, tarehe 6 Novemba 1973, ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Hapo tarehe ya mwisho haikuandamana na ushawishi pekee. Baadhi ya watendaji waliitafsiri kuwa ruhusa ya kutumia nguvu. Watu wakahamishwa kwa pupa, na nyumba nyingine zikachomwa. Twalitaja jambo hili kwa kuwa ni fundisho la lugha pia. Haraka inayomhimiza mtu humwachia uamuzi wake. Haraka inayomnyang'anya uamuzi si uhimizaji tena, hata ikipambwa kwa maneno mazuri.

Mfano wa karibu zaidi wa haraka ya kweli ulionekana hapo mpakani mwaka 2013. Tarehe 1 Januari mwaka huo Zambia ilianzisha kwacha mpya, ambapo kwacha 1,000 za zamani ziligeuka kuwa 1. Fedha mpya na za zamani ziliruhusiwa kutumika pamoja kwa miezi 6, hadi tarehe 30 Juni. Kwa mji unaotumia fedha mbili kila siku, hilo halikuwa jambo la magazetini tu. Tangazo la namna hiyo lina mambo matatu: siku yenyewe, sababu yake, na kitakachompata mwenye kuchelewa. Hakuna kelele, wala hakuna sifa. Matangazo ya zabuni yatolewayo na ofisi za serikali hufuata mwenendo huo huo, yakitaja saa ya mwisho ya kupokea zabuni na kusema kwamba zitakazochelewa hazitapokelewa. Watu huyaheshimu kwa sababu saa hiyo ikipita mlango hufungwa kweli.

Sasa na tuitazame haraka ya uongo. Ni duka liandikalo "Wiki ya mwisho ya bei nafuu", na kitambaa hicho kikapauka kwa jua la mwaka mzima. Ni ujumbe wa simu usemao, "Ile pesa tuma kwenye namba hii," ulioandikwa kwa makusudi ili mtu atume kabla ya kuuliza. Ni mnunuzi anayemfuata mkulima mwezi wa njaa, ada ya shule ikimsonga, akamwambia kwamba asipoiuza kahawa ingali mtini leo hatapata mtu mwingine. Huko Kagera biashara hiyo ya kuuza zao kabla ya mavuno ina jina lake, butura, na ubaya wake unajulikana. Mkulima mwenye kulala na njaa hawezi kupima ukweli wa neno "leo tu". Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji. Lakini sheria haiwezi kusimama katika kila kibanda. Hapo ndipo utamaduni unapotakiwa kufanya kazi yake.

Hasara ya haraka ya uongo haimpati mnunuzi pekee. Inaipata lugha. Neno "mwisho" lilikuwa na uzito. Likitumiwa kila siku kwa kitu kisicho na mwisho, huchakaa kama sarafu iliyosuguliwa hadi picha yake ikafutika. Siku itakapokuja hatari ya kweli, kama vile kipindupindu mtaani au mbolea ya ruzuku inayokaribia kufungwa, mtangazaji atapaza sauti, na watu waliochoshwa watasema, "Ni yale yale." Hivyo yule anayedanganya kwa ajili ya jozi moja ya viatu amekopa katika hazina ya wote, na hatalipa yeye.

Kwa hiyo twapendekeza kwa vijana wanaoandika matangazo ya biashara, huko Tunduma na kwingineko, wasiuogope uhimizaji, kwa maana mwanadamu huahirisha hata lile limfaalo. Wamtajie mteja siku ya mwisho iliyo ya kweli. Wamweleze kwa nini mali ni chache, kama ni chache. Wamwonyeshe hasara ya kungoja bila kuikuza. Na siku waliyoitaja ikifika, waifunge bei kama walivyoahidi, hata kama yuko mteja mlangoni mwenye fedha mkononi. Duka lililofunga bei mara moja kwa ukweli halitahitaji kupiga kelele mara ya pili.

Wauzaji wetu wanaupenda sana msemo usemao: leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Ni msemo mzuri, nasi hatuoni sababu ya kuuacha. Ila wakumbuke kwamba una makali pande zote mbili. Mteja aliyeambiwa leo ni siku ya mwisho, akapita kesho akakuta bei ni ile ile, atajua bila kufundishwa na mtu ni nani kati yao wawili aliye mwongo.