Baunsa wa Skype: seva nyingi, milango ile ile

Hifadhidata ikizidiwa, wengi wetu huwaza dawa moja tu: ongeza seva. Historia ya Skype inaonyesha kwamba dawa hiyo huponya nusu ya ugonjwa.

Skype ilizinduliwa mwaka 2003, na waandishi wa programu zake walifanya kazi Tallinn, Estonia. Data za watumiaji waliziweka kwenye PostgreSQL, kisha wakazigawa katika mashine kadhaa. Ili kujua nani yuko wapi, waliunda PL/Proxy. Chombo hiki huweza kukokotoa heshi ya jina la mtumiaji, na jibu humwelekeza kwenye mashine yenye data zake.

Mzigo wa data ukagawanyika. Je, miunganisho?

Piga hesabu nami. Kila mchakato wa PL/Proxy hushika muunganisho wake kwa kila mashine. Tuseme una michakato 200 na mashine 16: hiyo ni miunganisho 3,200. Ongeza mashine zifike 32. Data kwa kila mashine zimepungua nusu, lakini kila moja bado inapigiwa hodi na wale wale 200! Na PostgreSQL huanzisha mchakato mzima kwa kila muunganisho, hata mteja akikaa kimya. Usipobadilisha chochote, kikomo chake ni 100.

Mwaka 2007 Skype ikatoa PgBouncer, bure, msimbo wake ukiwa wazi. Kama jina linavyodokeza, ni baunsa anayesimama mlangoni. Mteja mmoja humgharimu takriban kilobaiti 2 tu za kumbukumbu. Nyuma yake kuna miunganisho michache ya kweli, inayozungushwa kama sahani za kibandani: sahani 20 hulisha wateja 200, kwa sababu hawali wote dakika moja. Muamala ukiisha, sahani inapewa mwingine.

Lakini sahani ya kushiriki ina masharti. Ukibadilisha mpangilio wa muunganisho kwa amri ya SET, huenda anayefuata akaukuta, nawe ukaukosa. Jedwali la muda nalo halitegemeki. Hata maswali yaliyotayarishwa mapema yalisumbua katika hali hii hadi toleo 1.21 la mwaka 2023. Ukisahau hayo, huenda programu ikakwama kwa kosa la wazi. Au huenda ikatoa majibu mabaya kimyakimya, na hilo ni baya zaidi.

PostgreSQL 14, mwaka 2021, ilipunguza sana gharama ya miunganisho mingi, ila desturi ya mchakato mmoja kwa kila mteja haikuondolewa. Skype yenyewe ilifungwa Mei 2025. Baunsa wake bado yuko mlangoni, akilinda hifadhidata za watu wengine.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla hujamwomba mkubwa wako pesa za seva nyingine, hesabu miunganisho uliyo nayo. Mingapi inafanya kazi, na mingapi imeshika sahani tupu?