Watu Waliohama Old Trafford

Nchini Kenya ukisema "timu yetu" Jumamosi jioni, watu hawafikirii timu ya mtaani. Wanafikiria Manchester United, Arsenal, Chelsea au Liverpool. Mimi ni wa Manchester United. Jezi ninayo, presha ninayo, na utani wa watu wa Arsenal nimeumeza vya kutosha. Lakini ukiniuliza ni klabu gani ya Kiingereza ambayo historia yake imenifundisha zaidi maana ya neno hilo "yetu", nitakutajia nyingine kabisa. Inaitwa FC United of Manchester. Inacheza ligi za chini, wachezaji wake wanalipwa kidogo na kutafuta riziki kwingine, na wengi wa walioianzisha walikuwa mashabiki wa Manchester United kama mimi.

Mwezi wa Mei 2005, tajiri wa Marekani Malcolm Glazer alipata udhibiti wa Manchester United. Klabu yote ilithaminiwa kwa takriban pauni milioni 790. Kilichowaudhi mashabiki si kwamba alikuwa mgeni au tajiri. Ni namna alivyolipa. Sehemu kubwa ya pesa hizo ilikuwa ya mkopo, na mzigo mkubwa wa mkopo huo ukabebeshwa klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni la kuitisha. Chukua mfano wa matatu. Mtu anakopa ili ainunue, anaiweka hiyo hiyo matatu dhamana, halafu abiria ndio wanaolipa mkopo kupitia nauli. Gari linabaki na jina lile lile na rangi zile zile, ila kila ukipanda unamlipia mwenye gari deni lake.

Mashabiki waliandamana, wakapiga kelele, wapi! Hisa zikauzwa. Ndipo wengine wakaanza kuuliza swali ambalo hata kulitamka lilikuwa kama kufuru: je, tukiondoka? Mfano walikuwa nao. Mwaka 2002 klabu ya Wimbledon iliruhusiwa kuhamishwa kutoka London hadi Milton Keynes, na mashabiki wake wakaunda AFC Wimbledon, wakaanzia chini kabisa. Watu wa Manchester walienda kwao kuomba ushauri. Kukafanywa mikutano mikubwa, ahadi za pesa zikachangwa, na mwezi wa Juni 2005 wanachama wakapiga kura kuchagua jina. Tangazo la majaribio ya wachezaji lilivutia maombi ya mamia ya watu. Kocha akawa Karl Marginson, mchezaji wa zamani wa ligi hizo hizo za chini.

Katiba yao ndiyo iliyonivutia kwanza. Mwanachama mmoja, kura moja, hata kama umechangia pauni nyingi kuliko mwenzako. Uongozi unachaguliwa na wanachama. Faida haigawiwi mtu. Na kifuani mwa jezi hapawekwi jina la kampuni yoyote. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini angalia jezi unayoivaa wewe, halafu jiulize unamtangazia nani biashara bure.

Mnamo Agosti 2005 walicheza mechi yao ya kwanza ya ligi, daraja la kumi katika ngazi za soka ya Uingereza. Wapinzani waliitwa Leek County School Old Boys, yaani wanafunzi wa zamani wa shule moja. FC United walishinda 5-2. Ligi ile ilizoea watazamaji wachache, wa kuhesabika kwa macho, na sasa ikavamiwa na maelfu wanaoimba dakika zote 90. Msimu ule wa kwanza wastani wa watazamaji nyumbani ulizidi 3,000, na mechi ya mwisho ikavuta 6,023. Walipanda daraja misimu mitatu mfululizo.

Nyumbani kwao hakukuwa kwao, lakini. Walipanga Gigg Lane, uwanja wa klabu ya Bury. Na huko mjini kuondoka kwao kuliwaumiza wengi. Kuna marafiki waliokaa kiti kwa kiti Old Trafford kwa miaka ambao sasa walitengana: mmoja akabaki, mwingine akaondoka, kila mmoja akimwona mwenzake msaliti. Aliyebaki alisema timu haiachwi wakati wa shida. Aliyeondoka alisema timu ndiyo iliyomwacha. Nikiwasikiliza wote wawili, naona kila mmoja ana hoja, na hilo ndilo linalofanya kisa hiki kiwe kizito.

Kuna jambo moja linalotugusa sisi huku moja kwa moja. Mwezi wa Desemba 2007 mechi yao dhidi ya Curzon Ashton ilisogezwa saa ili ionyeshwe kwenye intaneti. Uongozi wa FC United ukawaambia mashabiki wasusie. Kwao, Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa za kwao ni wakati wa mpira, na kuuhamisha kwa ajili ya kamera ni kumdharau mtu anayekata tikiti na kupanda basi. Sasa fikiria: mechi zile za mapema tunazozifurahia hapa alasiri, tukiwa tumejaa ukumbini na soda mkononi, zimepangwa saa hizo kwa sababu ya televisheni. Raha yetu ni sehemu ya malalamiko yao. Sisemi tuzime televisheni. Nasema tujue kiti chetu kimewekwa wapi, na nani alisogezwa ili tukipate.

Siku yao kubwa ilifika tarehe 5 Novemba 2010, raundi ya kwanza ya Kombe la FA, ugenini kwa Rochdale, timu iliyokuwa madaraja manne juu yao. Mechi ilionyeshwa kwenye televisheni. Msimamo wa kuzikwepa kamera haukuwa rahisi kushikiliwa milele. Wakaongoza 2-0, Rochdale wakarudisha yote, na dakika za majeruhi Mike Norton akaupokonya mpira mbele ya kipa na kufunga la tatu. Kwenye raundi iliyofuata walitoka sare ya 1-1 na Brighton ugenini, kisha wakafungwa 4-0 kwenye marudiano.

Baada ya hapo ikaja miaka ya kuvumilia. Mwaka 2011, 2012 na 2013 walifika fainali ya mchujo wa kupanda daraja, na mara zote tatu wakapoteza. Walipanda mwaka 2015, mwaka ule ule walipohamia uwanja wao wenyewe, Broadhurst Park, mtaa wa Moston. Uwanja uligharimu zaidi ya pauni milioni sita, na takriban milioni mbili zilitoka kwa watu wa kawaida walionunua hisa za jamii. Hisa hizo hazimpi mwenye nyingi kura nyingi. Jukwaa la nyuma ya goli moja lilitoka kwenye uwanja wa zamani wa Northwich Victoria, likafungwa upya pale. Mgeni wa ufunguzi alikuwa Benfica, tarehe 29 Mei, siku ile ile ambayo mwaka 1968 Manchester United iliifunga Benfica na kutwaa Kombe la Ulaya. Waliihama klabu, lakini historia yake waliibeba.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa shwari. Hapana. Mwaka 2016 wanachama waligombana vikali juu ya uwazi na namna klabu inavyoendeshwa, viongozi wakajiuzulu, uchaguzi ukafanywa. Mwaka 2019 wakashuka daraja. Mwenye klabu akiwa mmoja, ugomvi humalizwa ofisini. Wenye klabu wakiwa maelfu, ugomvi ni wa hadharani, na si kila mtu ana moyo wa kuuvumilia.

Lakini tazama yaliyompata mwenye nyumba wao wa zamani. Bury, klabu iliyoanzishwa mwaka 1885 na kutwaa Kombe la FA mara mbili, iliuzwa kwa pauni moja mwezi wa Desemba 2018. Agosti 2019 ikafukuzwa kwenye ligi kwa sababu ya matatizo ya pesa. Mashabiki wake hawakuwa na kura ya kuzuia lolote. Aliyekuwa mpangaji leo ana nyumba yake.

Nikitoka huko nikaangalia hapa kwetu, naona kitu tunachokidharau. AFC Leopards, iliyozaliwa mwaka 1964, na Gor Mahia, iliyozaliwa mwaka 1968, ni klabu za wanachama. Zina katiba, zina uchaguzi, na kelele zake kila mtu anazijua. Mara nyingi tunazitaja kelele hizo kama ushahidi kwamba soka yetu haina mpango, halafu tunakimbilia klabu ambazo hazitatuuliza neno hata siku moja. Watu wa Manchester waliacha viti walivyorithi kwa baba zao, wakashuka hadi daraja la kumi, ili wapate haki ya kugombana hivyo hivyo.

Bado naishangilia Manchester United. Mapenzi hayo hayafutiki kwa kusoma historia. Ila mwaka huu nimelipa ada ya uanachama wa klabu ya hapa nyumbani, na mkutano mkuu ukiitishwa, nitakuwepo. Nina maswali kuhusu hesabu za pesa.