Ndege ya Wanafunzi

Historia ya vita hupenda kuwasifu mashujaa na silaha zao. Leo nawaomba tuitazame ndege moja ya Poland iliyoundwa kwa ajili ya kufundishia tu. Jina lake ni RWD-8.

Herufi hizo ni za vijana watatu wahandisi wa Warsaw: Rogalski, Wigura na Drzewiecki, walioanza kubuni ndege wakiwa bado chuoni. Poland ilikuwa imepata tena uhuru wake mwaka 1918, baada ya miaka 123 ya kugawanywa na majirani. Fedha zilikuwa chache. Karakana ya vijana hao ilijengwa na chama cha ulinzi wa anga kilichotegemea michango ya wananchi.

Wigura hakuiona RWD-8 ikiruka. Alikufa Septemba 1932, ndege aliyopanda pamoja na rubani Żwirko ilipoanguka katika dhoruba. Wenzake waliendelea, na herufi yake haikufutwa.

RWD-8 iliruka mwaka 1933. Bawa lake lilikuwa la mbao, limewekwa juu ya mwili wa ndege. Mwalimu na mwanafunzi walikaa mmoja nyuma ya mwenzake, katika viti visivyo na paa, kila mmoja na usukani wake. Mwanafunzi akikosea, mwalimu alisahihisha hapo hapo angani. Zilitengenezwa zaidi ya 500, nyingi kuliko ndege nyingine yoyote ya Poland kabla ya Vita Kuu ya Pili. Jeshi lilizitumia, na vilabu vya raia pia.

Septemba 1939 Ujerumani ilivamia. Ndege hizo zikatumika kupeleka ujumbe. Nyingi ziliteketea, nyingine zikakimbilia Romania. Lakini ujuzi haukuteketea. Mwaka 1940 marubani 145 wa Poland walipigana katika anga ya Uingereza, na miongoni mwao walikuwamo waliojifunza kuruka kwa RWD-8.

Nadiriki kusema kwamba hapa pana funzo. Yako mataifa yanayopenda kununua silaha za kupendeza katika gwaride, huku shule ikiachiwa makombo. Ndege hununuliwa kwa siku moja, lakini rubani hanunuliwi dukani. Hulelewa miaka, na anayemlea lazima aanze mapema, kabla adui hajabisha hodi. Poland ilishindwa vita ile, ikapoteza ndege na viwanja. Walichokuwa wamefundishwa vijana wake, waliondoka nacho.