Funga Mlango, Twende: Safari Rally na Madereva wa Ridhaa

Watoto wetu wa Dubai wanajua magari. Ukitembea nao Jumeirah jioni, watakutajia kila gari linalopita, bei yake na kasi yake, kabla halijafika kwenye taa. Lakini tulipokuwa tukipanga sherehe ya Jamhuri, mmoja wao aliuliza kama Kenya iliwahi kuwa na mbio za magari. Wazazi tulitazamana. Kamati ikaamua toleo hili liwe na historia ya Safari, na kazi hiyo ikatuangukia sisi wauguzi, labda kwa sababu tunajulikana kwa kukesha.

Tuanze na neno. Sisi tuliokulia Kenya tuliita gari lolote la mashindano "langalanga". Wengi hatukujua kwamba Langalanga ni mahali. Ni uwanja wa mbio uliokuwa karibu na Gilgil, ambako walowezi wa Kizungu walikuwa wakishindana baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Eric Cecil, mmoja wa watu wa chama cha wenye magari, alimwalika binamu yake Neil Vincent ashiriki. Vincent akakataa. Kuzunguka duara lile lile kutwa nzima kulimchosha kulifikiria tu. Akasema angeshiriki kama watu wangeingia garini, wafunge mlango, wavuke nusu ya Afrika na kurudi, na atakayetangulia kufika awe ndiye mshindi. Safari ilizaliwa katika jibu hilo.

Mbio za kwanza zilianza tarehe 27 Mei 1953, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ziliitwa Coronation Safari, kwa heshima ya Malkia Elizabeth wa Pili aliyetawazwa tarehe 2 Juni mwaka huo. Watoto, hapa someni polepole. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tangu Oktoba 1952. Mwezi Aprili 1953, wiki chache tu kabla ya magari kuondoka, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa kifungo Kapenguria. Wakati babu zetu wakitakiwa vipande kila wavukapo kizuizi, watu wengine walikuwa wakivuka nchi tatu kwa kujifurahisha. Hatuwezi kuisimulia Safari kama hadithi ya raha tupu, na wala hatutaki.

Hata hivyo, mbio zenyewe zilikuwa za watu wa kawaida kati ya walowezi na Wahindi: wenye gereji, wafanyabiashara, wakulima. Hakuna aliyelipwa kuendesha. Mwaka ule wa kwanza magari hayakuruhusiwa kuongezewa nguvu, na yaligawanywa katika makundi kwa bei yake dukani. Hakukuwa na mshindi mmoja wa jumla. Aliyepoteza alama chache zaidi ni Alan Dix, akiendesha Volkswagen ndogo, ile ya umbo la kobe ambayo nyumbani ilitumiwa na walimu na mapadri.

Sisi tunaofanya zamu za usiku tunaelewa jambo moja ambalo wapenzi wa magari hulipita haraka: usingizi. Madereva wa Safari walikesha usiku hadi usiku, wakibadilishana usukani na mwelekezi. Saa kumi alfajiri, wakati mwili unaposhuka na macho yanaona kitu ambacho hakipo, wao walikuwa kwenye utelezi wa udongo mweusi na ng'ombe mbele. Wanavijiji wakiwasukuma kutoka matopeni. Hao waliosukuma hawakuandikwa popote, na katika maoni yetu walistahili nafasi kwenye orodha ya matokeo.

Mwaka 1960 jina la kifalme liliondolewa, zikawa East African Safari. Halafu ukaja 1963, mwaka wa uhuru wetu. Mvua ya Pasaka ile ilikuwa kali: magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mshindi alikuwa Nick Nowicki kwenye Peugeot 404, na gari hilo likapendwa nchini kote kiasi kwamba wengi wetu tulizaliwa tukaikuta bado inabeba abiria mashambani. Mwaka 1968 mambo yakajirudia: 93 waliondoka, 7 wakamaliza, na Nowicki tena akashinda kwa 404. Jirani zetu wa Tanzania wasituone wachoyo: 1966 na 1967 ushindi ulikuwa wa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi kwao.

Baada ya uhuru, yule mfungwa wa Kapenguria akawa Rais anayepunga bendera kuyaruhusu magari. Na mwaka 1965 akashinda Joginder Singh, Singasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, fundi wa magari. Alikuwa na nduguye Jaswant, ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Walipewa namba moja, yaani kutangulia mbele ya wote bila alama za magurudumu ya mtu mwingine kuwaonyesha njia, wakarudi Nairobi wakiwa wa kwanza. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Kati ya Safari 22 alizoanza alimaliza 19, na kwetu sisi takwimu hiyo inashinda vikombe vyote vitatu.

Kisha kuna Shekhar Mehta. Tunaomba wazazi wawasomee watoto kipande hiki kwa sauti. Mehta alizaliwa Uganda, katika familia ya Kihindi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na familia hiyo ikapoteza makao, akahamia Kenya. Pasaka ya 1973 alishinda Safari kwa Datsun 240Z, baada ya kufungana alama na Harry Källström wa Uswidi hadi waamuzi wakalazimika kutazama nani alienda mbali zaidi bila kosa. Akashinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mtu aliyenyang'anywa nchi moja akashangiliwa barabarani katika nchi nyingine kama mtoto wa hapo. Watoto wetu, ambao shuleni huulizwa wanatoka wapi "hasa", wanaweza kufikiri wenyewe.

Katikati ya miaka ya sabini mbio zilibaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania ukafungwa. Makampuni makubwa ya nje nayo yalikuwa yameingia. Hannu Mikkola wa Finland alishinda 1972, mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kufanya hivyo, na polepole dereva wa ridhaa akasogezwa pembeni. Hakwisha. Sisi wa miaka ya themanini na tisini tulisimama kando ya barabara tukiwa na magari yetu ya waya yenye magurudumu ya visoda, tukingoja vumbi. Mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya alishinda, na Patrick Njiru akawa wa nne kwa Subaru. Kwa miaka mingi, dereva wa matatu akikimbia sana, abiria alipiga kelele: "Wee, unadhani wewe ni Njiru?"

Magari ya kale yalirudi mwaka 2003, nusu karne baada ya mbio za kwanza, katika mashindano ya Safari Classic. Hapa ndipo ridhaa iko hai. Mtu anajilipia na gari lake la zamani, Escort, Datsun au Porsche 911. Siku yake huanza gizani. Lazima afike kila kituo kwa dakika iliyoandikwa, kuchelewa ni adhabu. Katikati kuna vipande vya barabara iliyofungwa ambako anapimwa kwa sekunde. Ndani ya gari joto ni kali, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Jioni yeye analala, mafundi wanakesha. Mwaka 2011 alishinda Björn Waldegård wa Uswidi, mwelekezi wake akiwa mwanawe Mathias, kwa Porsche, gari ambalo lilimaliza la pili mara kadhaa katika Safari ya zamani bila kushinda kamwe.

Hata Dubai ina kumbukumbu ya namna hiyo. Mwaka 1981, nchi hii ilipotimiza miaka 10, mbio zilifanyika Deira kandokando ya bahari, na wazee Stirling Moss na Juan Manuel Fangio walikuja kuendesha.

Safari ya dunia, iliyotoweka baada ya 2002, ilirudi Naivasha Juni 2021. Tuliifuatilia kwenye simu wakati wa mapumziko ya zamu. Miezi minane baadaye, Februari 2022, kijana Mkenya McRae Kimathi, aliyepewa jina la Mskoti Colin McRae, mshindi wa Safari mara tatu, aliendesha katika mashindano ya vijana huko Uswidi, juu ya theluji.