Faini ya dereva si fidia yako: madai ya majeruhi baada ya kugongwa na gari la biashara

Msimu wa pamba ukifunguliwa, malori huingia vijijini kuchukua mzigo kwenye maghala ya AMCOS na kuupeleka viwandani. Njia zile zile za Ngulyati zinazotumiwa na bodaboda, baiskeli, mikokoteni ya ng'ombe na watoto wa shule huanza kupitiwa na Fuso na malori yenye tela, mengine usiku. Hiace na Noah za abiria nazo haziachi kukimbizana. Ajali ikitokea, swali linalotufikia ni lile lile: dereva alishafikishwa mahakamani, akakiri, akalipa faini, mbona majeruhi hajapata kitu?

Hajapata kwa sababu ile haikuwa kesi yake. Kesi ya usalama barabarani ni ya jinai, kati ya Jamhuri na dereva, na majeruhi anaitwa pale kama shahidi tu. Faini inaingia serikalini. Ni kweli kwamba sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu hakimu, akishamtia mtu hatiani, kumwamuru amlipe fidia aliyeumizwa, na si vibaya kumkumbusha mwendesha mashtaka aliombe hilo. Lakini hakimu halazimiki kutoa amri hiyo, na ikitolewa inamwangukia dereva, ambaye mara nyingi hana mali yoyote. Mwenye gari na kampuni yake ya bima hawaguswi.

Fidia yenyewe inadaiwa kwa njia nyingine, ya madai, na njia hiyo ina saa yake. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai yanayotokana na uzembe wa mtu mwingine. Aliyegongwa Juni 2024 anatakiwa awe amefungua kesi kabla Juni 2027 haijapita. Saa hiyo haisimami kusubiri kesi ya trafiki iishe, wala kusubiri mfupa uunge. Kwa maoni yetu hapa ndipo wengi wanapopoteza haki yao: wanakaa miaka 2 wakiamini kuwa "kesi iko mahakamani", kumbe iliyoko mahakamani ni ya dereva na serikali.

Siku za kwanza

Tuchukue mfano. Mama amepanda bodaboda kutoka Ngulyati kwenda Bariadi mjini, Fuso iliyobeba pamba inapita gari jingine kwenye kona, inawagonga. Mama amevunjika paja. Nani anafanya nini?

Aliye pale na mwenye simu apige picha ya namba za gari kabla halijasogezwa. Kama ni lori lenye tela, apige namba ya kichwa na ya tela, maana hivyo ni vyombo viwili vyenye usajili tofauti, na huenda kila kimoja kina bima yake. Apige na stika ya bima kama ipo kiooni, na jina lolote lililoandikwa mlangoni. Achukue majina na simu za watu wawili watatu walioona. Hili la namba tunalisisitiza kuliko yote, kwa sababu gari likiondoka bila kujulikana, hakuna wa kumdai.

Ndugu mwingine aende kituo cha polisi kuchukua PF3. Mgonjwa mwenyewe awahishwe hospitali, asisubirishwe barabarani kwa ajili ya karatasi. Fomu hiyo ndiyo inayounganisha jeraha na ajali: daktari anajaza alichokiona siku ile, na miaka 2 baadaye wakili wa upande wa pili akisema mguu huu uliumia shambani, PF3 inajibu. Hakikisha imejazwa yote na kusainiwa, kisha itoe nakala kabla hujairudisha polisi. Kama mgonjwa amepewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bariadi, au kuvuka hadi Bugando mjini Mwanza, karatasi ya rufaa nayo itunzwe.

Polisi wa usalama barabarani wanatakiwa kuchora ramani ya ajali na kuwahoji mashahidi, na gari linakaguliwa na mkaguzi wa magari. Kazi hiyo huzaa nyaraka ambazo kampuni za bima huziulizia kwa namba zake: PF 90, PF 93 na PF 115. Omba nakala mapema, kwa barua, ukitaja namba ya jalada. Askari huhamishwa, na jalada la mwaka juzi ni gumu kulipata kuliko la mwezi uliopita.

Halafu kuna risiti. Mahakama za Tanzania zinatenganisha fidia ya namna mbili. Ipo hasara mahsusi, yaani fedha zilizotoka mfukoni: dawa, upasuaji, vyuma, nauli, magongo, mshahara uliokosa. Hii lazima itajwe shilingi kwa shilingi kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa ushahidi. Usipokuwa na risiti, hata kama hakimu anakuonea huruma, mikono yake imefungwa. Na ipo fidia ya jumla, kwa maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika, ambayo kiwango chake kinaamuliwa na mahakama yenyewe. Bahasha ya risiti inayotundikwa ukutani inaweza kuwa na thamani kuliko maneno mengi ya wakili.

Mwenye gari akija na bahasha

Kwa kawaida mwenye gari, au mtu wake, huja ndani ya wiki ya kwanza. Anakaa na wazee, mwenyekiti wa kitongoji yupo, mtendaji wa kijiji anaandika. Anatoa laki 3, anasema pole, anaomba "tuyamalize kiungwana". Sisi hatusemi asipokelewe. Mgonjwa yuko wodini na dawa zinahitajika leo. Lakini soma kinachoandikwa. Kama karatasi inasema familia imepokea fedha na haina madai mengine, hiyo karatasi itatolewa mahakamani, na wakati huo huenda mguu umeshakatwa. Sema iandikwe kwamba fedha zilizopokelewa ni msaada wa matibabu na si malipo ya mwisho. Mwenye nia njema hatakasirika kwa sentensi hiyo.

Tahadhari hiyo hiyo inahusu hati ya kampuni ya bima inayosema umelipwa yote na huna dai tena. Ukiisaini, umemaliza. Usisaini kabla daktari hajasema kwa maandishi kama umepona au umebaki na ulemavu, na wa kiasi gani. Na jihadhari na vishoka wanaozunguka hospitali wakisema watakufuatilia madai bimani, wakitaka wabaki na PF3 halisi na uwasainie barua ya kuwapa mamlaka. Wakili halisi ana ofisi, na anakubali ada iandikwe.

Bima inaingia wapi

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamkataza mtu kutumia gari barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine dhidi ya kifo na majeraha. Hii ndiyo "bima ndogo" ya mitaani, na bodaboda nayo inahusika. Kama gari lina bima, unaweza kuhakiki kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Fanya hivyo mapema, maana kwenye stika kuna jina la kampuni unayotakiwa kuiandikia.

Unaweza kuanza kwa barua ya madai kwa mwenye gari na kwa kampuni hiyo, ukiambatanisha nakala. Madai mengine huishia hapo kwa maelewano. Yasipoishia, kesi kwa kawaida inafunguliwa dhidi ya dereva na mwenye gari. Mwenye gari anaingia kwa sababu mwajiri anawajibika kwa uzembe wa mtu wake akiwa kazini, na ndiye mwenye uwezo. Hukumu ikitoka, sheria inaitaka kampuni ya bima iilipe, mradi ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati. Kwa hiyo taarifa ya maandishi iifikie kampuni kabla kesi haijafunguliwa, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Tumeona watu wakishikilia hukumu nzuri isiyolipika kwa kukosa mhuri huo.

Hapa kuna jambo linalowahusu sana wakulima wetu. Anayepanda juu ya marobota au magunia kwenye Fuso ya mizigo, hata kama amelipa nauli, yuko mahali pabaya kisheria. Ulazima wa bima kwa abiria unahusu gari linalobeba watu kwa nauli au kwa kazi yao, na kampuni itasema lori hili lilikatiwa bima ya mizigo. Bado anaweza kumdai mwenye lori, lakini huenda akabaki naye peke yake, bila kampuni nyuma yake.

Upande wa pili pia utatafuta kosa lako. Kama bodaboda ilibeba mshikaki, au haikuwa na taa, mahakama inaweza kusema ulichangia. Kuchangia hakufuti dai. Kunapunguza fidia kwa kadiri ya uzembe wako, na abiria aliyekaa nyuma hawezi kubebeshwa kila kosa la aliyeshika usukani. Hukumu ya jinai ya dereva wa lori, kama alitiwa hatiani na hakukata rufaa, inakusaidia sana hapa. Chukua nakala yake iliyothibitishwa. Kwa hiyo ile kesi ya trafiki si bure, tumia matokeo yake, ila usiyasubiri hadi miaka 3 ikakuishia.

Mtu wa Ngulyati halazimiki kufuata kampuni Dar es Salaam ili ashitaki. Madai ya kuumizwa yanaweza kufunguliwa mahali ajali ilipotokea, kwa hiyo mahakama za Bariadi zinatosha. Asiye na fedha anaweza kuomba aruhusiwe kufungua shauri bila ada, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria ambao hawalipwi na mteja. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ni mahali pazuri pa kuwaulizia. Ikiwa gari ni la serikali au la halmashauri, kuna sharti la notisi ya siku 90 kabla ya kushitaki, kwa hiyo anza mapema zaidi.

Utingo, dereva na wapakiaji

Januari 11, 2022, wilayani Busega, mkoa huu huu wa Simiyu, gari lililobeba waandishi wa habari kwenye msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza liligongana na Hiace ya abiria. Watu zaidi ya kumi walikufa, wakiwemo wenzetu wa kazi hii. Ajali ya namna hiyo inaonyesha jinsi tukio moja linavyofungua njia tofauti, kwa kuwa abiria wa kawaida anadai kwa njia tuliyoieleza, na aliyekuwa kazini ana njia yake.

Njia hiyo ni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Utingo aliyeanguka kutoka kwenye lori, dereva aliyevunjika mkono, mpakiaji aliyekuwa akisafiri na mzigo wa bosi wake, hawa hawahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Inatosha kwamba waliumia wakiwa kazini. Mwajiri anapaswa kuripoti ndani ya siku 7 tangu apate taarifa, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Mfuko unagharamia matibabu na kulipa asilimia 70 ya kipato kwa muda ambao mtu hawezi kufanya kazi, na malipo mengine kwa ulemavu wa kudumu. Waajiri wengine hukaa kimya kwa sababu hawajajisajili. Mwajiri akikaa kimya, nenda WCF mwenyewe.

Aliyegongwa akifariki

Sheria Sura ya 310 inawapa mume au mke, watoto na wazazi wa marehemu haki ya kudai kwa kupoteza tegemeo. Kinachowachelewesha ni msimamizi wa mirathi. Bila yeye bima hailipi na benki haifungui mlango. Kikao cha ukoo kikae mapema, muhtasari uandikwe, cheti cha kifo kichukuliwe, na ombi lipelekwe Mahakama ya Mwanzo. Ugomvi wa nani awe msimamizi, tunaoujua sote, unakula siku zile zile za ukomo.

Kwa mtoto aliyeumia, kesi inafunguliwa na mzazi au mlezi kwa niaba yake, na sheria inamlinda kwa kuanza kuhesabu muda akishatimiza umri wa utu uzima. Hata hivyo mashahidi hawangoji miaka 10, kwa hiyo mzazi afungue mapema.

Kampuni ya bima ikikaa na barua yako bila jibu, au ikitoa kiasi usichokubali, andika malalamiko TIRA. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye huhitaji wakili kumfikia. Barua ya kulalamika ieleze tarehe ya ajali, namba ya gari, namba ya stika, tarehe uliyopeleka madai na kiasi unachodai, na iambatane na nakala tu. Nyaraka halisi zibaki nyumbani.