Ngitili: Ardhi ya Wote, Shauri la Wote

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na nyimbo peke yake. Umo pia katika namna watu wanavyoshauriana kuitunza ardhi wanayoitumia pamoja. Wasukuma wa Ipililo, wilayani Maswa, na wenzao wa Bariadi na Meatu, wamerithi mfano ufaao kuchunguzwa, nao ni ngitili.

Ngitili ni eneo linalofungwa wakati wa masika ili nyasi zikue na miti ichipue, kisha hufunguliwa kwa malisho kiangazi kinapokaza. Zilikuwako ngitili za familia na za jumuiya. Ulinzi wake haukuwa seng'enge bali makubaliano. Dagashida, yaani baraza la jadi, ndilo lililotoa amri na kumtoza faini aliyeivunja.

Desturi hiyo ilipatwa na misukosuko. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka na mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970 kaya nyingi zilihamishiwa katika vijiji vipya, zikaziacha ngitili zao mbali. Ilipofika miaka ya 1980, sehemu kubwa za mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulizijumuisha Maswa na Bariadi, zilikuwa uwanda mtupu. Kuni zilifuatwa mbali, na ng'ombe walikonda kila kiangazi.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Hapo mwanzo mkazo uliwekwa katika vitalu na upandaji wa miche. Lakini mche uliopandwa kwa agizo la ofisi aghalabu hukosa mwenyewe wa kuulinda. Baadaye mradi uligeuza njia, ukawashirikisha wanavijiji na kuijenga kazi yake juu ya desturi yao. Ikadhihirika kwamba chini ya ardhi iliyodhaniwa kufa, mizizi mingi ilikuwa hai, ikingoja kupumzishwa tu. Katikati ya miaka ya 1980 ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000.

Hata hivyo, tusiisifu desturi hii kupita kiasi. Katika dagashida wasemaji walikuwa aghalabu wanaume, ilhali mbeba kuni na maji ni mwanamke. Na kwa asiye na ardhi, ngitili ya familia ya jirani si malisho yake. Shauri linalomwacha nje mtumiaji ni nusu ya shauri. Hapo sheria za nchi zimeipanua busara ya wazee. Sheria ya mwaka 1982 inamtambua kila mkazi mtu mzima, mume kwa mke, kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inautaka mkutano huo uidhinishe utengaji wa ardhi ya matumizi ya pamoja.

Somo hili halikomei malishoni. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, na makao yake makuu yakawa Bariadi. Miji inapokua, huhitaji bustani na viwanja vya kupumzikia. Mchora ramani wa bustani na aanze kwa kuuliza: nani hupita hapa, saa ngapi, na jua likiwaka hukimbilia kivuli cha mti upi? Amwulize mama anayeuza chakula kando ya njia, mzee anayecheza bao na mtoto anayetafuta pa kuchezea mpira. Asipowauliza, atabandika kibao cha kukataza kukanyaga majani, na kesho yake atakuta njia ya mkato imepita kando ya kibao hicho.

Walimu wa historia na uraia wanaweza kuwatuma wanafunzi wao kwa wazee wa kwa babu na bibi zao, waulize ngitili zilikuwa wapi na nani aliamua zifunguliwe lini. Kisha na watazame uwanja wa shule yao wenyewe, wakae kikao, waupangie.