Ngozi za Perere wa Kilimanjaro

Kwa mkazi wa Ulemo, Iramba, pimbi ni jirani wa majabali. Nduguye, perere, alijichagulia msitu wa baridi wa Kilimanjaro, na manyoya mazito yanayomkinga huko ndiyo yaliyomponza.

Mwaka 1890 Mmarekani Frederick True alimpa jina la kisayansi, kutokana na vielelezo alivyokusanya William Louis Abbott mlimani humo. Wawindaji walikuwa na maarifa yao: mchana perere hulala ndani ya mashimo ya miti mikubwa, mikulo ikiwemo, na usiku hupanda kula majani huku akipiga ukelele mkali ajabu kwa mnyama mwenye kilo tatu tu hivi.

Ngozi zake zilishonwa kuwa matandiko. Tandiko moja lilimeza ngozi makumi kadhaa, ilhali jike hubeba mimba zaidi ya miezi 7 na huzaa mtoto mmoja au wawili. Hesabu hiyo inatisha.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, lakini sehemu kubwa ya msitu ilibaki nje ya mipaka yake hadi 2005.